Wiki Niliyoipiga Msasa Sakafu ya Baba

Jumamosi, 7 Machi

Nyumba kimya. Mama ameondoka asubuhi na dada. Keshokutwa anatolewa mtoto wa jicho, na kwa dada ni karibu na hospitali. Atakaa huko wiki nzima, arudi Jumapili ijayo na macho mapya. Mzigo wake nimeufunga mwenyewe. Nimesahau kumwekea miwani. Shemeji, mume wa dada, amesema miwani ya nini tena, ndiyo maana ya upasuaji. Mtu huyu hana asilolijua.

Ila kilichonikaa rohoni ni maneno ya kwenye chai. Dada alisema nyumba imezeeka. Mbao za sakafu zimepauka, nyingine zimeinua ncha, siku moja Mama atajikwaa avunjike nyonga. Bora ahamie kwao moja kwa moja, wana chumba cha chini, na nyumba hii ipangishwe. Shemeji akatoa futi yake ya chuma mfukoni (hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na leso), akapima sebule bila kuombwa, akasema dawa ya sakafu hii ni vigae. Kwao kote ni vigae. Kwao kunang'aa kama bucha mpya.

Mama hakubisha. Aliiinamia sakafu kwa macho yale yenye ukungu, akasema, "Nitaamua nikiona."

Nimelirudia neno hilo mchana kutwa. Akiona nini? Akiona sakafu imepauka, atakwenda. Akiona inang'aa kama siku marehemu Baba alipomaliza kuiweka, atabaki. Hesabu nyepesi. Kwa hiyo mpango ni huu: niiondoe vanishi yote kuukuu, nipige msasa, nipake mpya, kabla hajarudi. Peke yangu. Sijawahi kufanya kazi hii, lakini Baba naye hakuzaliwa na nyundo mkononi.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mama akihama na nyumba ikapangishwa, mimi nitakuwa miongoni mwa vyombo vinavyotolewa nje. Mtu mzima, mtalaka, fundi saa katika zama ambazo kila mtu anatazama saa kwenye simu. Sisemi hilo ndilo kubwa. Nasema lipo.

Jioni nimempigia dada. Nimemwambia nimeshikwa na mafua makali, asije mtu, wasije wakambebea Mama maradhi. Nimekohoa kidogo. Kikohozi kizuri.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya kutoa vyombo. Meza, viti na kitanda vimekwenda uani. Kabati la Baba limegoma. Nimelisukuma, nimelilaza, nimeliomba. Likakwama mlangoni, mimi nikiwa upande wa ndani. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa Baba alilitengenezea mle mle chumbani, na halijawahi kutoka tangu lizaliwe. Nimelirudisha. Nitapiga msasa kulizunguka. Nani atakwenda kuchungulia chini ya kabati?

Nyuma yake nimeokota gololi, kitana kilichobaki na meno ya mzee, na kipande cha blanketi la kijivu.

Blanketi lile. Nimekaa nalo chini kitambo.

Kila Jumamosi, Baba akishapaka nta, alilitandika sakafuni akatuambia tukae. Halafu akafunga kamba kiunoni akatuvuta sebule nzima, korido, mpaka mlango wa jikoni, na kurudi. Sisi tukidhani ni mchezo. Kumbe tulikuwa brashi. Dada alikaa mbele kwa haki ya ukubwa. Mimi nyuma, na kila kona nilikuwa namwagika. Tukianza kugombana, Baba alisimama, akasema sakafu haing'ai ikikaliwa na watu wenye hasira. Tukanyamaza, tukaenda.

Nilikuwa bado nimelishika nikasikia mtu anakohoa juu ya ukuta wa ua. Ni Mwalimu, jirani yetu. Amestaafu zamani lakini macho yake bado yanasahihisha. Ameuliza kwa nini vyombo viko nje. Nimemwambia nafukuza mchwa.

"Meza ile ni ya chuma, mtoto," akasema.

Ananiita mtoto. Nimemjibu kwamba mchwa wa siku hizi hawachagui. Ameondoka bila kunipa maksi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekodi mashine ya msasa. Binti wa dukani amenieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Anza na msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini. Na usisimame mahali pamoja mashine ikiwa inazunguka. Nimetikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa. Nikachukua msasa mkali peke yake. Mkali akifanya kazi yake sawasawa, wa kati atakuja kufanya nini?

Mashine ina uzito wa ndama na akili ya ndama. Nimeiwasha, ikanikokota sebule nzima mpaka ukutani. Ikageuka, ikanirudisha. Baadaye tukaelewana, yaani mimi nikaelewa kuwa yeye ndiye anayeamua. Lakini ilifanya kazi. Vanishi ikatoka kama maganda, chini yake rangi ya asali, mishipa ya mbao ikaonekana mmoja mmoja. Nimejikuta natabasamu peke yangu.

Halafu simu. Dada. Nimepokea kwa mkono mmoja. Upasuaji umekwenda salama, Mama amelala, na kabla ya kulala ameulizia mafua yangu. Nimeshusha pumzi. Nikakohoa kwa ajili ya dada, nikakata simu, nikatazama chini.

Nilikuwa sijaizima mashine.

Katikati ya sebule sasa pana bonde. Ukiweka chungwa, linatulia. Nimejaribu.

Jambo jingine. Milango ya vyumba sikuifunga. Vumbi limeingia kwenye matandiko, kwenye sukari, masikioni. Picha ya Baba ukutani imekuwa nyeupe, anaonekana kama mwoka mikate aliyetoka zamu. Nimeifuta kwa mkono wa shati, na hapo ndipo harufu iliponifikia.

Sikuwa nimejiandaa kwa harufu. Mbao zile ni za zamani kuliko mimi, Baba alizipata ukumbi mmoja mkuukuu ulipokuwa unabomolewa. Lakini ukizikwaruza zinanukia kana kwamba mti umeanguka leo. Baba alikuwa karani wa posta. Mwaka mzima alinukia wino na gundi ya stempu. Ila kabla ya mvua kuanza alikuwa akibandua ubao mmoja mmoja uliochoka na kuweka mwingine, na siku hizo akikunyanyua, shati lake lilinukia hivi hivi. Nimekaa kwenye vumbi nikavuta pumzi mpaka nikakohoa. Safari hii kikohozi cha kweli.

Jumanne, 10 Machi

Shemeji amekuja. Nimesikia geti, nikarukia godoro nililolirudisha ndani, viatu miguuni, shuka mpaka shingoni. Nimempigia kelele azungukie dirishani, asiingie, naambukiza.

Ameleta supu kwenye chupa ya chai, na dawa. Amesimama dirishani akinitazama. Kope zangu nyeupe, nyusi nyeupe, nywele nyeupe. Akasema kwa upole, "Shemeji, mafua haya yamekuzeesha."

Nimemwambia ni chumvi ya jasho. Amelifikiria jambo hilo. Halafu akatoa futi, akapima dirisha. Nikamuuliza anapima nini. Akasema ni mazoea tu.

Mazoea tu! Anapima mapazia ya wapangaji. Siku ile ile alipomwoa dada alipima mlango wetu kama gari la maua litaingia. Mtu aliyekirekebisha kile kibomba cha maji cha jikoni mara moja tu, na Mama mpaka leo akifungua maji anamtaja.

Hasira ni mafuta mazuri. Nimemaliza chumba cha Mama na korido bila kupumzika. Supu nilikusudia kuimwaga. Nimeonja kwanza, ili nijue ninachomwaga. Dada ameipika kama Mama anavyopika, pilipili manga inakuja mwisho, ukishadhani umesalimika. Nimeimaliza.

Jumatano, 11 Machi

Kingo na kona, ambako mashine haifiki. Siku nzima nimepiga magoti na kipande cha msasa mkononi. Magoti yangu yanalia kuliko sakafu.

Lakini ukipiga magoti unaiona nyumba kwa kimo ulichokuwa nacho utotoni. Chini ya dirisha kuna vishimo vya miguu ya cherehani ya Mama. Alikuwa akishona hapo, mwanga ukimjia begani, nasi tukiokota pini kwa sumaku. Kwenye kizingiti cha jikoni mbao zimeliwa na nyayo. Nyingi ni zake, akileta kitu au akija kuamua ugomvi. Hapo nimepitisha msasa kwa adabu.

Halafu alama ya pasi. Ipo mbele ya chumba cha Mama, mbao imeungua umbo kamili la pasi ya mkaa, ncha ikielekea dirishani. Ilikuwepo kabla yangu. Dada husema bibi ndiye aliyeiangusha alipokuja kututembelea. Baba alikuwa akisema ni merikebu iliyotia nanga. Nikiwa mdogo nilikuwa naikalia, nikipiga kasia.

Nimeitazama, nikawaza: Mama afumbue macho mapya, akutane na doa jeusi? Nikaanza kusugua. Doa lilikuwa limezama. Nikakaza mkono. Jioni lilikuwa limekwisha, pale pamekuwa peupe kama moyo wa mkate. Nikafurahi. Baada ya muda mfupi ile furaha ikaniaga, sijui ilikwenda wapi. Nimeihesabia kuwa ni njaa.

Nikala, nikamalizia na ubao unaolia. Uko hapo hapo mlangoni pa Mama, ukiukanyaga unatoa mlio kama bata anayeamshwa. Ujana wetu wote, ubao huo ndio uliokuwa askari wa nyumba hii. Ukichelewa kurudi, unajua pa kuruka, unaruka, na ubao unalia vilevile, kana kwamba umechukia kurukwa. Asubuhi Mama anakumiminia chai bila kukutazama, unajua kuwa anajua. Nimeugongomea misumari mpaka ukakoma. Nimepita juu yake kwenda na kurudi. Kimya. Kazi ya kifundi.

Alhamisi, 12 Machi

Vanishi. Kopo linasema paka tabaka jembamba, ngoja likauke, piga msasa laini, paka tena, ngoja tena. Wauza vanishi lazima waseme hivyo, wataishije? Matabaka membamba yakijumlishwa ni tabaka nene. Nimepaka nene moja kwa moja.

Hapa nijisifu kidogo. Wajinga huanzia mlangoni, wakajikuta wamejipaka kwenye kona. Mimi nilianzia kona ya mwisho ya chumba cha Mama, nikarudi nyuma taratibu, korido, sebule, mpaka mlango wa mbele. Brashi ya mwisho nimeipitisha nikiwa nimechuchumaa barazani. Sakafu nzima ilikuwa kama maji ya mtungi. Dari lilionekana ndani yake. Nikauvuta mlango polepole, upepo usilete vumbi.

Ukajifunga.

Funguo ndani. Simu ndani. Viatu ndani, na suruali pia, niliivua jikoni nisiichafue. Funguo za akiba anazo dada. Nimesimama barazani na bukta, soksi na brashi.

Mwalimu hakucheka. Alifungua mlango wake, akanitazama kuanzia soksi kwenda juu, akasema, "Naona mchwa wameshinda." Akanipa suruali ya marehemu mumewe, chai, mkeka wa kulalia, na baadaye karatasi ninazoandikia haya.

Nimemweleza yote. Sikuweza kuzuia. Nikamwambia ninachotaka ni kitu kimoja tu, sakafu iwe kama Baba alivyoiweka, mara moja na kwa usahihi, maana yule alikuwa fundi hasa.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Baba yako? Fundi?"

Akasema mara ya kwanza Baba alipoziweka zile mbao, zilianza zimenyooka dirishani, zikafika mlangoni zimelala kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Mama alikuja hapa hapa kwa Mwalimu kucheka, asimchekee mumewe usoni. Baba akazing'oa zote. Mara ya pili hakuacha nafasi ukutani, mvua ikaja, zikavimba, zikainuka katikati kama mgongo wa punda. Akang'oa tena. Kila jioni akitoka posta, Mwalimu alisikia nyundo ukutani.

"Baba yako hakuwa fundi, mtoto. Alikuwa mtu wa kurudia."

Halafu akasema kuwa miaka iliyofuata, Jumamosi, alikuwa akikaa pale dirishani kusahihisha madaftari, akisikia blanketi likiburutwa na sisi tukicheka. Kalamu nyekundu ikawa nzito mkononi. Watoto wengi, alisema, walifaulu Jumamosi hizo bila kujua kwa nini.

Nimepewa baba mwingine kabisa, sijui nimweke wapi. Nimempenda huyu. Nimempenda kuliko yule wa kwanza. Ingawa inawezekana Mwalimu anamchanganya na mtu mwingine.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeingia kwa dirisha la jikoni. Jikoni ni saruji, salama. Funguo zinaning'inia upande wa pili wa sebule. Nimechuchumaa kizingitini, nikagusa vanishi kwa kidole. Kavu. Ukingoni pale nilikuwa nimepaka kwa kubania.

Nikakanyaga. Hatua za mwanzo zilikuwa nzuri. Katikati soksi ya kulia ikabaki. Nikageuka kuichukua, ya kushoto nayo ikashika. Nikaendelea pekupeku. Nyayo zangu zinasimulia mtu aliyekuwa akimkimbiza mwizi, au mwizi mwenyewe.

Kwenye simu, dada amenitafuta mpaka amechoka. Daktari amemkagua Mama, macho yako vizuri, na Mama hataki kungoja Jumapili. Anataka kurudi kesho. Anasema vigae vya huko vinammetea mno, vinamuumiza. Nimelipokea jambo hilo la vigae kwa furaha kubwa. Halafu nikakumbuka ninasimama juu ya nini.

Nimefikiri haraka. Mikeka. Nimetoa yetu yote, nimeazima ya Mwalimu. Mmoja juu ya bonde. Mmoja juu ya soksi, nimekata kwa mkasi kilichokatika, kilichobaki ni cha nyumba sasa. Mingine juu ya nyayo. Nimeacha wazi palipo pazuri tu, yaani ukanda wa dirishani na kando ya kabati. Mama ataona hapo, moyo utamlainika, atakaa kitini. Mtu mstaarabu hafunui mikeka ya watu.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja asubuhi. Mama mbele, miwani myeusi usoni, dada amemshika mkono, shemeji na mzigo. Mama alivua miwani mlangoni. Nilimtazamia aitazame sakafu. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda, akanishika kidevu kama enzi za kunikagua kabla ya shule.

"Kumbe una mvi hivi," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Ndipo akaingia. Akasimama. Akauliza mikeka yote hii, kuna msiba? Nimesema ni mapambo ya kumkaribisha. Akasema hakufunguliwa macho na daktari ili aje aangalie mikeka, itolewe.

Shemeji akainama, akavuta. Mkeka ukakataa. Akavuta kwa nguvu, ukabanduka na vanishi yake, ukaacha alama za ukili sakafu nzima, kama ngozi ya samaki. Wa pili ukafichua nyayo. Wa tatu, soksi. Dada akafungua mdomo. Mama akainua kiganja, dada akaufunga.

Mama akavua viatu. Akatembea pekupeku, polepole, akitazama chini, mara ya kwanza kwa miaka mingi anaona anachokanyaga. Chini ya dirisha akakitafuta kishimo cha cherehani kwa kidole cha mguu, akakipata. Kwenye bonde mguu ukazama, akasimama mle kidogo, akaendelea. Akafika mlangoni pa chumba chake. Akaukanyaga ubao. Akaukanyaga tena, kwa kisigino.

"Nyumba imenyamaza," akasema.

Kisha akainama. "Pasi yangu iko wapi?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa kwa majigambo tangu Jumatano. Likatoka kama la mtu aliyevunja dirisha. Nikasema nimeiondoa. Doa lilikuwa limeingia sana, lakini nimeweza.

Mama akakaa chini pale pale, mgongo ukutani. Dada akaona afadhali aseme kitu, akaanza hadithi ya bibi alivyoiangusha. Mama akatikisa kichwa. "Bibi yenu hakuwahi kushika pasi nyumba hii. Ni mimi."

Akatusimulia. Ilikuwa asubuhi, ananyoosha shati la Baba la posta. Uchungu ukamshika ghafla, pasi ikamtoka. Baba akaja mbio, na kwa kuchanganyikiwa, badala ya kumwinua mke akainua pasi. Akatoka nayo kwenda kumwita mkunga. Mtaa mzima, mtu kavaa vesti, pasi inafuka moshi mkononi, watu wanampisha njia. Mkunga alimwambia aiweke chini, hakusikia. Akarudi na mkunga na pasi. Baadaye, mambo yalipotulia, alichukua msasa alitoe lile doa.

"Nikamwambia aache," Mama akasema. "Nikamwambia hapo ndipo alipoanzia huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa nafuu wangenilaumu. Maisha yangu yote nimekuwa nikikalia mahali nilipoanzia nikipiga kasia, na nimeparudisha peupe kwa mkono wangu.

Dada alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Akaweka mkono, akasema ilikuwa hapa. Nikasema hapana, ilikuwa huku zaidi, mimi ndiye niliyeifuta. Tukabishana kama tuko kwenye blanketi. Shemeji akatoa futi. Nikajiambia, basi tena, sasa atapima na hili. Akapiga magoti kati yetu, akapima kutoka fremu ya mlango, akaweka kidole.

Akasema, bila kututazama, kwamba siku alipokuja kuposa, Baba na Mama walikuwa wamekaa pale, naye hakujua atazame wapi. Macho yake akayashusha, yakakuta alama ile. Akaitazama muda wote waliokuwa wakimhoji. "Mpaka waliposema ndiyo," akasema. "Ilikuwa shubiri moja na vidole viwili kutoka mlangoni. Ncha ilinielekea mimi."

Mama akalaza kiganja chake juu ya kidole cha shemeji. Akasema, "Hapo hapo."

Nimeona wivu. Niandike tu. Lakini niliweka mkono wangu juu ya mikono yao, na dada wake, tukakaa hivyo sakafuni, watu wazima wanne, mmoja na soksi yake bado imeganda sebuleni.

Dada ndiye aliyelirudisha lile suala la kuhama, kwa sauti ya chini. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama kazi yangu yote iliyomzunguka.

"Niende wapi?" akasema. "Nikimwacha huyu peke yake, wiki ijayo ataanza paa."

Amebaki. Dada alicheka mpaka akajifuta macho, na mwishoni sikujua anafuta kicheko au kitu kingine.

Kwa hiyo mpango umefaulu. Njia imepinda hapa na pale, lakini nilisema Mama akiona atabaki, na ameona, na amebaki.

Jumapili, 15 Machi

Asubuhi Mama amenituma ning'oe misumari ya ule ubao. Nimeing'oa. Ameukanyaga, ukalia. Sauti imekwaruza, lakini ni yeye. Mama amekwenda zake jikoni akiimba.

Mchana shemeji amekuja peke yake. Amesimama mlangoni akiizungusha futi mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa tena. Amesema jana alipopiga magoti alishangaa kuwa mbao zina joto. Kwake ukipiga magoti ni baridi mpaka kwenye mfupa. Amekuwa akiwaza usiku mzima. Kuna chumba kimoja kwao angependa kukiwekea mbao, amshtukize dada, naye hajui pa kuanzia. Je, nitamsaidia?

Miaka yote hii shemeji hajawahi kuniuliza kitu. Nimemkaribisha aketi. Nimemwambia amekuja kwa mtu sahihi, maana sasa kazi hii naijua kutoka ndani. Amesikiliza kwa makini, akipima kiti bila kujua. Kuhusu msasa, nimemshauri achukue ule mkali peke yake. Kuhusu vanishi, tabaka moja, nene.

Akaniuliza kama nimejifunza lolote, kama nikirudia leo kuna jambo ningelifanya tofauti. Nimelifikiria swali hilo kwa uaminifu, mpaka chai ikapoa.

Nimemwambia ningekodi mashine kubwa zaidi.